Dawa ya Kontrasti na Maji ya Malambo: Historia Kutoka Würzburg hata Bariadi

Katika nchi ya Simiyu, ambako mbuga za udongo mweusi zimetandaa toka Meatu hata Busega inayopakana na maji ya Ghuba ya Speke, mvua huja kwa msimu, na mito, ukiwamo ule uliotoa jina lake kwa mkoa mzima, hufurika kwa muda mchache kisha hubakiza mchanga na vidimbwi. Na kwa sababu hiyo wafugaji na wakulima wa pamba wa Kisukuma wamezoea tangu zama za mababu kunywesha ng'ombe, kufua nguo na kuogesha watoto katika maji yaliyotuama. Ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Usukuma mwaka 1947, makao yake yakiwa Malya, malambo yalichimbwa kwa wingi kuliko wakati wowote uliotangulia, na neema ikawafikia watu na mifugo iliyokuwa ikihangaika kiangazi kwa kiangazi. Lakini neema ile ilikuwa na mwenzi wake wa siri. Konokono wadogo wa jamii ya Bulinus, ambao katika Usukuma huweza kustahimili ukame wa kidimbwi mpaka mvua irudi, ndio wanaolea viluwiluwi vya kichocho, na mtoto aingiaye majini kuoga hutoka na mgeni aliyepenya ngozi yake bila ya kubisha hodi.

Kichocho cha mkojo kina dalili moja iliyo dhahiri, nayo ni damu mwishoni mwa haja ndogo. Na katika vijiji vingi dalili hiyo ilikuwa ya kawaida hata wazazi hawakuihesabu kuwa maradhi. Minyoo yenyewe ilitambuliwa na tabibu wa Kijerumani, Theodor Bilharz, mjini Cairo mwaka 1851. Hata hivyo, kumjua adui si sawa na kuyajua madhara yake, maana mayai ya minyoo hiyo hukaa katika kuta za kibofu na za mirija itokayo kwenye figo, yakazifanya nene na ngumu, mirija ikaziba, mkojo ukarudi nyuma, na figo ikavimba na kuharibika taratibu, ilhali mwenye figo hiyo yuko shambani anapalilia pamba wala hana habari. Ili mambo hayo yaonekane kwa macho kabla ya kifo, ilihitajika nuru ya namna ya pekee, na pamoja na nuru hiyo ilihitajika dawa ya kuisaidia, ndiyo iitwayo dawa ya kontrasti. Historia ya dawa hiyo ni ndefu, ina hekima na ina maafa, na watu wa Kanda ya Ziwa wamo ndani yake kwa haki yao wenyewe.

Nuru ilikuja kwanza. Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Wilhelm Conrad Röntgen aligundua mionzi aliyoiita X kwa kuwa hakujua asili yake, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amekwisha kupiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa ikionekana na pete ikiwa kidoleni. Ulimwengu ulishangilia, lakini matabibu walitambua upesi upungufu wake: mfupa huonekana kwa sababu ni mzito na huizuia mionzi, bali nyama, damu, utumbo, figo na mishipa hukaribiana mno kwa uzito hata katika picha vikawa kivuli kimoja kisichosomeka. Mwezi Januari 1896, mjini Vienna, Haschek na Lindenthal walijaza mishipa ya mkono wa maiti mchanganyiko wa chokaa, madini ya zebaki na mafuta ya petroli, wakapata picha ambayo kila mshipa ulijichora wazi. Jambo likathibitika kuwa kitu kizito kikiingizwa mahali patupu, mahali hapo huonekana. Likabaki swali ambalo ndilo lililoongoza habari yote iliyofuata: ni kitu gani kizito ambacho mtu aliye hai aweza kukipokea mwilini mwake, kikamtumikia kwa saa moja, kisha kikatoka bila ya kumdhuru?

Katika chuo cha Harvard, Walter Cannon, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, alimlisha bata bukini chakula kilichochanganywa na chumvi ya bismuthi mwaka 1896, akatazama tonge likishuka katika ile shingo ndefu, na hivyo elimu ya mwendo wa chakula tumboni ikazaliwa. Mwaka 1904 Hermann Rieder wa Munich aliwapa wagonjwa uji wenye bismuthi nyingi ili kulitazama tumbo na utumbo. Lakini chumvi iliyotumiwa ilikuwa na uwezo wa kugeuka sumu ndani ya utumbo, na baadhi ya wagonjwa walidhurika, wengine wakafa. Mwaka 1910 Bachem na Günther, Wajerumani, walileta badala yake sulfati ya bariamu, unga mweupe ambao unatumika hata leo. Hapa pana funzo ambalo kila mtunza dawa hana budi kulishika: chumvi nyingine za bariamu ni sumu kali, na mojawapo hutumika kuulia panya, bali sulfati yake haiyeyuki katika maji wala katika asidi ya tumbo, na kwa kutoyeyuka huko hupita njia yote na kutoka kama ilivyoingia. Usalama wake umesimama juu ya sharti moja, nalo ni kwamba njia iwe nzima. Maana utumbo ukiwa umetoboka, bariamu humwagika katika uwazi wa tumbo ikaleta uvimbe mbaya, na kwa mgonjwa wa namna hiyo tabibu mwenye hadhari huchagua dawa nyingine.

Tumbo likapata dawa yake, lakini figo na mirija ya mkojo vilibaki gizani. Ufunguo wa mlango huo ulipatikana kwa sadfa iliyokutana na jicho lililo macho. Katika hospitali ya Mayo huko Minnesota, wagonjwa wa kaswende walikuwa wakitibiwa kwa chumvi ya iodini, yaani madini joto yale yale ambayo leo hutiwa katika chumvi ya kulia. Na mwaka 1923 Osborne na wenzake walieleza kwamba mkojo wa wagonjwa hao ulionekana katika picha za eksirei. Iodini ni nzito, nayo figo huichuja na kuitoa. Kwa hiyo lililobaki lilikuwa kupata iodini iliyofungwa katika umbo ambalo mwili waweza kulivumilia. Kijana wa Kimarekani, Moses Swick, alikwenda Ujerumani na kufanya kazi kwa misombo iliyotengenezwa na Arthur Binz na Curt Räth, ambayo asili yake ilikusudiwa kutibu maambukizo, yakiwamo maradhi ya ng'ombe. Na mwaka 1929 dawa iliyoitwa Uroselectan ikadhihirika kuwa yaweza kudungwa katika mshipa wa mkono, ikasafiri na damu, ikakusanyika figoni, ikashuka katika mirija mpaka kibofuni, na picha zikapigwa hatua kwa hatua. Miaka ya 1950 ikaleta dawa bora zaidi zenye chembe tatu za iodini katika kila umbo moja, na hizo ndizo zilizoenea hospitalini duniani kote.

Lakini kabla ya kufika huko, udaktari ulikuwa umeteleza vibaya, na kosa hilo halifai kusahauliwa. Karibu na mwaka 1930 ilianza kuuzwa dawa iitwayo Thorotrast, iliyokuwa na oksidi ya thori, ikasifiwa kupita kiasi kwa kuwa picha zake zilikuwa safi na mgonjwa hakuhisi maumivu wala joto wala kichefuchefu. Thori ni madini yenye mionzi, na nusu ya uhai wake ni miaka bilioni 14. Wala mwili hauwezi kuitoa, bali huihifadhi katika ini, wengu na uboho wa mifupa, ambako huendelea kuchoma siku zote za uhai wa mtu. Baraza la madaktari wa Marekani lilitoa onyo mwaka 1932, na onyo halikuwazuia wengi. Baada ya miaka kumi na mitano, ishirini, hata thelathini, saratani za ini zilianza kujitokeza kwa watu waliokwisha kusahau kwamba waliwahi kupigwa picha. Dawa iliyosifiwa kwa upole wake siku ya kwanza ikawa ndiyo iliyokuwa katili kuliko zote. Yatupasa tukumbuke kwamba utulivu wa mgonjwa anaposhuka mezani si ushahidi wa kutosha juu ya usalama wa kitu alichodungwa.

Sasa historia inafika Usukuma. Mjini Mwanza, ufukoni mwa ziwa, ilikuwako Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Tiba, iliyotokana na kazi iliyoanza mwaka 1949 ya kuchunguza matende na maradhi mengine ya wenyeji. Na mnamo miaka ya 1960 D. M. Forsyth na George Macdonald walichukua swali la kichocho kwa watoto wa shule. Walichagua Shule ya Usagara, si ile Usagara ya milima ya Kilosa bali hii iliyo kusini ya mji wa Mwanza, na taarifa yao ilichapishwa mwaka 1965. Kisha wakafanya vivyo hivyo katika Shule ya Donge, Unguja, na taarifa ya pili ikatoka mwaka 1966. Mbinu yao kubwa ilikuwa hii hii ya kudunga dawa yenye iodini na kupiga picha za figo. Bariadi ya wakati ule ilikuwa sehemu ya nchi ya Maswa, haikuwa na mashine wala mtaalamu wa kazi hiyo; lakini maji ya Maswa na maji ya Usagara yalikuwa na konokono wa namna moja, na yaliyoonekana kwa watoto wa Usagara yaliwahusu watoto wa Usukuma yote.

Uchunguzi wa namna ile ulikuwa na utaratibu wake. Kwanza hupigwa picha tupu, bila ya dawa. Na katika picha hiyo kibofu cha mtu aliyeugua kichocho kwa muda mrefu huweza kuonekana chenyewe, kwa kuwa mayai yaliyokufa yamegeuka chokaa, na ukingo wake hujichora chini ya nyonga mviringo na mweupe kama kichwa cha mtoto aliye tumboni mwa mamaye. Kisha dawa hudungwa polepole katika mshipa wa mkono. Mgonjwa huhisi joto likimpanda kifuani mpaka usoni na ladha ya chuma kinywani, na aliye karibu naye humtazama macho na ngozi, maana ikiwa mwili utaikataa dawa, dakika za mwanzo ndizo aghalabu zitakazosema. Picha hufuatana kwa dakika zilizopangwa: figo hung'aa, vikombe vyake hujaa, mirija hushuka kama nyuzi mbili nyembamba. Kwa mtoto mzima nyuzi hizo hukatika na kuungana kadiri mkojo unavyosukumwa. Kwa mtoto aliyedhuriwa mrija hupanuka na kupindapinda juu ya mahali palipoziba, na kikombe cha figo kilichopaswa kuwa na ncha kali huwa butu na kipana.

Watafiti walikuta madhara ya jinsi hiyo kwa idadi isiyo ndogo ya watoto waliokuwa wakihudhuria masomo na kucheza mpira kama wenzao. Habari hiyo iligeuza fikra. Kichocho hakikuweza tena kuitwa jambo dogo la utotoni linalopita lenyewe, na mwaka 1966 Forsyth, pamoja na David Bradley, alieleza katika jarida la Shirika la Afya Duniani umuhimu wa maradhi hayo kwa afya ya watu wa kaskazini magharibi ya Tanzania. Hoja zilizokuja kutumika baadaye kuzishawishi serikali zigawe dawa ya prazikwanteli mashuleni, mtoto akisimama kando ya mti wa kupimia kimo ili ajulikane atameza vidonge vingapi, zilipata nguvu kwa picha zile. Nasema bila ya kusita kwamba watoto wa Usagara na wa Donge wanastahili kuhesabiwa miongoni mwa waliojenga elimu hii, maana miili yao ndiyo iliyopokea dawa ili madhara yaliyofichika yajulikane na vizazi vilivyofuata.

Dawa zilizotumika zama hizo zilikuwa kali. Wingi wa chembe zake katika maji ulizidi ule wa damu kwa mara 5 hadi 8, na kwa sababu hiyo zilivuta maji kutoka katika chembe za damu na kuta za mishipa, zikaleta maumivu, kutapika, na kwa wachache mshtuko wa hatari. Tena ilikuwa desturi kumnyima mgonjwa maji kabla ya uchunguzi ili mkojo uwe mzito na picha iwe bora, desturi ambayo leo imeachwa, kwa kuwa imefahamika kwamba figo iliyokaukiwa maji hudhurika upesi zaidi. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa kulikuwa na jambo jingine la kuangaliwa sana, nalo ni selimundu, ambayo ni nyingi katika damu za wenyeji wa nchi hizi. Chembe nyekundu yenye asili hiyo ikinyang'anywa maji hujikunja umbo la mundu, na dawa ivutayo maji yaweza kuyaamsha mateso yaliyolala.

Aliyeona njia ya kutoka ni Torsten Almén, tabibu wa picha wa Uswidi, aliyesikitishwa na maumivu ya wagonjwa aliowadunga. Alifahamu kwamba akiogelea katika bahari ya Baltiki, yenye chumvi kidogo, macho hayakumwasha, bali katika bahari ya upande wa magharibi yaliwasha; akahukumu kwamba kosa la dawa ni wingi wa chembe zake katika maji, si iodini yenyewe. Mwaka 1969 alichapa fikra yake ya kutengeneza dawa isiyogawanyika kuwa chembe mbili inapoyeyuka. Kampuni ndogo ya Norway ikamwamini, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 dawa za kizazi kipya, iohexol ikiwa mojawapo, zikaingia sokoni. Ushahidi mkubwa ulitoka Japani mwaka 1990, Katayama na wenzake walipohesabu uchunguzi 337,647: waliopata athari kwa dawa za zamani walikuwa karibu 13 katika kila 100, na kwa dawa mpya 3, na athari kali zilipungua kutoka 22 hadi 4 katika kila 10,000. Tofauti hiyo ni uhai wa watu, na haikupatikana kwa mashine kubwa zaidi bali kwa tabibu mmoja aliyekataa kuyazoea maumivu ya wengine.

Kwa kichocho, hata hivyo, njia ilipatikana isiyohitaji sindano kabisa. Mashine za mawimbi ya sauti, ziitwazo na wengi altrasaundi, ziliweza kuonyesha kibofu kilichokuwa kinene na figo iliyovimba bila ya dawa na bila ya mionzi, nazo zikabebwa mpaka vijijini, Pemba na kwingineko. Na Shirika la Afya Duniani likaweka kanuni za kuzisoma, zilizokubaliwa katika mkutano wa Niamey mwaka 1996. Hivyo mtoto wa leo wa Itilima hahitaji kudungwa iodini ili madhara ya lambo yajulikane. Hiyo nayo ni sehemu ya usalama: kujua wakati ambao dawa haihitajiki.

Lakini kuna maradhi ambayo dawa bado ni ya lazima kwayo, na hasa tangu ilipotokea mashine ya CT, iliyompiga picha mgonjwa wake wa kwanza London tarehe 1 Oktoba 1971 kwa ubunifu wa Godfrey Hounsfield, na kwa hesabu ambazo Allan Cormack wa Afrika Kusini alikwisha kuzifikiri kabla yake. Uvimbe wa ini, saratani, mshipa uliopasuka au ulioziba, mara nyingi havisomeki vyema pasipo dawa ya kontrasti. Kwa muda mrefu mtu wa Bariadi aliyehitaji picha hiyo aliandikiwa barua, akapanda basi kupitia Lamadi kwenda Bugando, hospitali kubwa iliyojengwa kilimani Mwanza na kufunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1971. Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, Bariadi, ambayo watu wake walikuwa wamezoea hospitali ya Somanda, ikawa makao makuu yenye hospitali ya rufaa. Na mwaka 2021 serikali ilipopata shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya mapambano dhidi ya UVIKO-19, sehemu ya fedha hizo ilielekezwa katika mashine za CT kwa hospitali za rufaa za mikoa. Elimu iliyokuwa safari ikaanza kuwa jirani.

Ujirani huo una dhamana yake. Kabla ya sindano kuchomwa, mgonjwa yapasa aulizwe, kwa Kiswahili au kwa Kisukuma kama ndiyo lugha anayoielewa vyema: je, umewahi kudungwa dawa ya picha, na ilikufanya nini? Una pumu? Figo zako zimepimwa, na kiasi cha kreatinini katika damu ni kipi? Una kisukari, na je, unameza metformini? Shingo yako imevimba? Una mimba? Asiulizwe tu kwa midomo huku kalamu ikiweka alama mapema; angojewe ajibu. Wala mvuvi wa Busega adhuriwaye na samaki asifukuzwe kwa dhana kwamba iodini ya baharini au ziwani ndiyo itakayomdhuru, maana dhana hiyo ya kale haina msingi. Chumbani pawe na adrenalini iliyo tayari, na mtu ajuaye kuidunga pajani mara moja, na mgonjwa abaki akitazamwa nusu saa kabla ya kuruhusiwa kwenda kupanda pikipiki. Haya yote hayahitaji fedha nyingi, bali uangalifu.

Wala asiwepo anayedhani kwamba kisa cha Thorotrast kilikuwa ujinga wa watu wa kale tu. Dawa za gadolini, zilizoanza kutumika mwaka 1988 kwa mashine za MRI, zilihesabiwa salama kuliko iodini, hata wagonjwa wa figo wakapewa kwa kuonewa huruma. Kumbe ndio waliokuja kukakamaa ngozi na viungo, maradhi yaliyoonekana kwanza mwaka 1997 na asili yake ikajulikana mwaka 2006. Iliwezekana kuyatambua kwa kuwa kulikuwa na madaftari ya kurejea. Kwa sababu hiyo jina la dawa, kiasi chake, tarehe na yaliyompata mgonjwa viandikwe, na madhara yapelekwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba katika ile fomu ya njano, hata kama madhara hayo ni vipele vilivyopona jioni. Na mwezi Aprili 2022, mji wa Shanghai ulipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19 na kiwanda kimoja kikapunguza kazi, dawa ya iodini iliadimika duniani, hata katika nchi za kitajiri matabibu wakalazimika kuchagua nani apewe. Nasi tukajifunza kwamba chupa iliyo kabatini ni amana isiyofaa kumwagwa kwa uchunguzi usio wa lazima.

Kwa miaka zaidi ya mia moja na ishirini watu wamemeza na kudungwa vitu vigeni kwa kumwamini tabibu, na kila hatua ya usalama tuliyo nayo ilipatikana kwa yale yaliyowapata: waliodhurika kwa bismuthi, waliobeba thori katika ini zao, watoto wa Usagara waliolala mezani, na Wajapani waliohesabiwa mmoja mmoja. Deni lao hulipwa kwa kazi iliyo wazi. Mashine ya Bariadi itaheshimika kwa ubora wa picha zake, lakini itaaminiwa kwa sababu ya maswali yanayoulizwa kabla ya sindano na maandiko yanayohifadhiwa baada yake. Na mgonjwa wa Simiyu, awe mfugaji wa Meatu au mvuvi wa Busega, ana haki ya kuyadai mambo hayo mawili kama anavyodai dawa yenyewe.